Mamangu Apanda Meli ya Bari

Mamangu, Bi Mwanakombo wa Likoni, aliwahi kukaa Ulaya wiki tatu bila kukanyaga ufukwe hata siku moja. Hiyo ndiyo sababu ya safari hii.

Alifanya kazi za nyumbani hapa Dubai miaka kumi na saba, nyumba moja, madam mmoja. Kiangazi kimoja familia ile ilikwenda likizo Ugiriki, katika kisiwa cha Corfu, ikamchukua awaangalie watoto. Walipanga ghorofa inayotazama bandari. Wenyewe walitoka asubuhi na kurudi jioni wamebabuka jua. Mama alibaki ndani na mtoto mchanga, masufuria na pasi, na pasipoti yake ilikuwa kwenye mkoba wa madam. Kila siku aliona meli nyeupe zikija na kuondoka. Alipouliza zinakwenda wapi, akaambiwa Italia. "Nikaziangalia wiki tatu," hutuambia, "kama mtu anayeangalia televisheni ya jirani."

Mimi naitwa Mishi, ni mwanawe wa pekee. Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya mtaa wa Al Mankhool, na sehemu ya kazi yangu ni kuwapangia wageni safari zao za mbele. Nimewapangia watu feri za Mediterania mpaka ratiba zimeniingia kichwani: ipi inatoka wapi, inafika lini, na mtu asubiri wapi kati ya meli na meli. Mimi mwenyewe sikuwahi kupanda hata moja. Mama alipotimiza miaka sitini na tatu, nilichukua karatasi nikachora njia yetu. Ndege mpaka Athens. Basi mpaka mji wa bandari wa Igoumenitsa. Feri ndogo mpaka Corfu, tulale siku mbili. Kisha turudi Igoumenitsa, tusubiri mchana kutwa, na jioni tupande meli kubwa ya kuvuka mpaka Bari, Italia.

Msimamizi wangu aliisoma fomu yangu ya likizo mara mbili.

"Mishi, likizo watu huenda kwao."

"Mwaka huu siendi kwetu, sir."

"Huko unakwenda kumtembelea nani?"

"Simtembelei mtu."

Akatia sahihi huku akitikisa kichwa. "Yalla. Siku kumi tu, khalas."

Viza yangu niliombea hapa, nikaipata. Mama aliomba Nairobi, akanyimwa. Barua ilisema hakuna uhakika kwamba atarudi kwao. Nilimpigia simu nikiwa nimejiandaa kumpa pole, naye akanikatiza.

"Nibaki huko nifanye nini? Nimpikie nani tena? Miaka kumi na saba nimepika. Andika upya, Mishi, na safari hii andika vizuri."

Tukaandika upya. Tuliambatisha hati ya nyumba yake, barua ya chama chao cha akina mama, na picha ya kioski chake cha mahamri. Mara ya pili wakampa, na wakamtaka afike Nairobi mwenyewe kuichukua pasipoti. Alisafiri usiku kucha kwa basi, akaichukua, na jioni ile ile akapanda basi la kurudi Mombasa.

Wiki moja baadaye alitua Dubai akiwa na sanduku dogo na leso mbili mpya. Alilala kwangu siku moja, na alfajiri iliyofuata tukaondoka.

Athens tulifika kabla ya adhuhuri. Hatukuuona mji, maana mpango haukuruhusu. Tulitoka uwanja wa ndege moja kwa moja hadi kituo cha mabasi, tukapanda basi la kwenda magharibi, safari ya saa sita na nusu. Mama alikataa kusinzia. Alikaa dirishani akinitajia kila kitu: mbuzi, mizeituni, makaburi yenye misalaba myeupe pe. Tulipopita juu ya daraja refu linalovuka mlango wa bahari, alinishika mkono akauliza, "Na sisi kule Likoni, tunaobanana kwenye feri kila siku, tumekosa nini?"

Igoumenitsa ni mji uliojipanga kando ya maji, mbele bandari, nyuma milima. Tulilala hapo, na asubuhi ya pili tukapanda feri ya Corfu. Ni safari fupi, chini ya saa mbili. Abiria wengi waliingia ndani kwenye viti na kahawa. Mama alisimama nje muda wote, buibui likimpigapiga miguuni, akitazama kisiwa kikikua.

Mwenyeji wetu Corfu alikuwa mama mjane aitwaye Vasiliki, mwenye vyumba vitatu vya kupangisha na Kiingereza cha kutosha. Alipotuona mlangoni aliangalia buibui, akaangalia masanduku, akaniuliza kwa upole, "Mmekuja kwa kazi? Kuna hoteli juu kule inatafuta watu wa usafi."

Nikamwambia, "Mamangu ni mgeni wako. Amelipia chumba chenye dirisha la baharini, na angependa kukiona."

Bibi yule aliona haya waziwazi. Alichukua sanduku la mama mwenyewe, akalipandisha ngazi, na tangu hapo hakuacha kutuletea kitu: matikiti, jibini, maji baridi.

Jioni ile tulikwenda kuitafuta ile nyumba. Haikutuchukua muda. Mama alisimama kando ya barabara ya bandari, akahesabu ghorofa kwa kidole, akasema, "Dirisha lile pale. Ghorofa ya tatu, lenye mbao za kijani." Nilimkazia macho, nikidhani atalia. Hakulia.

"Dogo," alisema. "Nililidhani dirisha kubwa." Kisha akaligeuzia mgongo. "Haya, niambie bahari yao wanaingilia wapi."

Asubuhi Vasiliki alituelekeza kwenye ufukwe wa changarawe. Kulikuwa na watu wengi, wengine nusu uchi, wakiota jua. Mama alivua viatu, akafunga leso juu ya dera lake, akaingia majini na nguo zake zote, polepole, mpaka kiunoni, mpaka kifuani. Watu waligeuka. Mwanamume mmoja alimwambia mwenzake neno, wakacheka. Nilimfuata nikimwambia kwa sauti ya chini, "Mama, wanatuangalia."

"Waangalie," alisema, bila kushusha sauti. "Mimi niliwaangalia wiki tatu."

Akajitosa kichwa na yote, akaibuka akipumua kwa nguvu. Tulikaa majini mpaka vidole vikakunjamana.

Siku ya tatu asubuhi tulirudi Igoumenitsa, na hapo ndipo kusubiri kulipoanza. Meli ya Bari ilikuwa ya saa mbili jioni. Wageni wangu hotelini huniuliza sana kuhusu saa kama hizi za kati: tufanye nini, tukae wapi? Nami huwajibu kwa ramani. Ukweli ni kwamba unakaa tu. Tuliweka masanduku kwenye mgahawa mmoja wa bandarini, tukala dagaa wa kukaangwa, mama akasali chini ya mti wa bustani ya mji, akalala kidogo kwenye benchi, kichwa mapajani mwangu. Nilikuwa na furaha ya mtu ambaye mpango wake haujaharibika.

Saa kumi na moja na nusu jioni tulikuwa kwenye foleni ya kupandia. Watu walipita mbele yetu wakionyesha tiketi na vitambulisho, wakasonga. Tulipofika sisi, afisa wa dirishani alichukua pasipoti zetu, akazifunua, akaziweka kando ya kompyuta.

"Subirini pale," alisema, akituonyesha ukuta.

"Kuna tatizo gani?"

"Subirini pale."

Kule ukutani walikuwa wamesimama vijana wanne weusi na mmoja mwenye sura ya Kiasia. Hakuna aliyekuwa akiwashughulikia. Nimefanya kazi mapokezi miaka tisa, najua mtu anayewekwa kando ili asahaulike. Na nilijua tukiondoka dirishani, meli itaondoka bila sisi. Kazini nimefundishwa kutabasamu katika hali kama ile. Sikutabasamu.

"Viza zetu ni halali," nilisema. "Tiketi hizi hapa. Hoteli ya Bari hii hapa. Ndege ya kurudi hii hapa. Ukiona kosa, nionyeshe. Kama hakuna, sisogei."

Alijibu kwa Kigiriki na kumwita mtu wa nyuma yetu apite. Hapo mama akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alilaza sanduku lake chini, mbele kabisa ya dirisha, akaketi juu yake, akapanga buibui vizuri. Foleni ikasimama. Watu wakaanza kunung'unika.

Nyuma yetu alikuwa dereva wa lori, Msiria mwenye makamo, ambaye baadaye alituambia ameishi Ugiriki miaka mingi. Alimsikia mama akimtaja Mungu kwa Kiarabu, akainama, akamsalimia. Mama alimjibu kwa Kiarabu cha Ghuba, kile alichojifunza jikoni. Yule bwana akashangaa, akacheka.

"Hajja, unataka nimwambie nini?"

"Mwambie nimesafisha nyumba ya watu miaka kumi na saba. Walinileta hapa nikafungiwa ndani. Leo nimekuja kwa miguu yangu, nimelipa, na nitapanda ile meli. Akitaka kunizuia, aniandikie sababu kwenye karatasi, atie na jina lake."

Dereva alitafsiri. Sijui alitumia maneno gani, lakini alitumia mengi, na mikono pia. Watu wa foleni waliosikia wakageuka kumtazama afisa. Mwanamke mmoja Mgiriki mwenye mtoto akampigia afisa kelele, na kidole chake kilimwelekea yeye, si sisi. Sauti nyingine ikaongezeka, na nyingine.

Alikuja mkubwa wa yule afisa, mwanamke mwenye mvi. Akachukua pasipoti zetu, akaziweka kwenye mashine moja moja. Akasoma viza. Akatazama tiketi ya ndege. Haikuchukua hata dakika tano. Kisha akamrudishia mama pasipoti yake mkononi mwake mwenyewe, akasema kwa Kiingereza, "Safari njema, bibi."

Mama hakuinuka. Alinigeukia. "Mwulize na wale wa ukutani."

Niliuliza. Yule mkubwa alitazama ukutani kana kwamba ndiyo kwanza anawaona. Aliwaita. Watatu walipita baada yetu. Wawili walibaki, na sijui yaliyowapata. Hilo mpaka leo linaniuma, kwa sababu sisi tulikuwa na karatasi za kila aina, na sauti, na Msiria. Wao walikuwa na ukuta.

Meli iling'oa nanga jua bado likiwa juu ya maji, maana kiangazi kule huchelewa kuzama. Tulikuwa na vitanda viwili chumbani, lakini mama alitaka kwanza kusimama nje, upande unaotazama kisiwa. Tulipopita mkabala na Corfu alikula karanga kutoka kwenye mfuko wa karatasi, moja moja, mpaka zikaisha. Kisha akasema amechoka, tukaingia kulala. Alikoroma mpaka Italia.

Bari tulifika asubuhi mapema. Ni mji wa mawe na vichochoro, na katika mtaa wa kale wanawake hukaa nje ya milango yao wakitengeneza tambi kwa mkono, vipande vidogo vyenye umbo la sikio. Mama alisimama mbele ya mmoja wao, mzee kama yeye, akaangalia jinsi kisu kinavyovuta unga na kidole gumba kinavyougeuza. Yule mzee akamsogezea kiti, akampa na kisu. Hawakuwa na lugha hata moja ya kuwaunganisha. Masikio matatu ya kwanza ya mama yaliharibika, la nne likawa sikio, na wote wawili wakacheka kwa sauti. Nilikwenda kutembea peke yangu saa nzima, na niliporudi walikuwa bado wanabishana, kila mtu kwa lugha yake, kuhusu chumvi.

Siku mbili baadaye tulirudi kwa ndege kupitia Roma. Jirani yetu kwenye kiti alikuwa mama wa Kiemirati, mtu mzima mwenye adabu, aliyefurahi kusikia Kiarabu cha mama. Wakazungumza kuhusu magoti na sukari. Mwishoni akauliza, kwa wema kabisa, "Na wewe unafanya kazi kwa nani?"

"Sifanyi kwa mtu," mama alimjibu. "Natoka kutembea." Na akaendelea na habari za magoti.

Nimejifunza nini? Nimejifunza kwamba karatasi ni lazima ziwe sawa, maana hawatakusamehe hata moja, lakini karatasi peke yake hazikupitishi. Nimejifunza kwamba pale unapoambiwa usimame kando, uulize kwa nini, kwa sauti ambayo wa nyuma yako wataisikia. Na nimejifunza kwamba watu kama sisi hatuhitaji mgonjwa, maiti wala mwajiri ili tuwe na haki ya kwenda mahali. Kutaka kuona kunatosha.

Mama alirudi Likoni. Siku ya nne akanipigia simu, na nyuma yake nikasikia kelele za wanawake.

"Wa chama wako hapa," alisema. "Hawaamini kwamba nimekwenda Ulaya na sikufagia."

"Waonyeshe picha."

"Picha wameziona, wameshanyamaza. Watatu wamekwenda leo kuomba pasipoti." Akawanyamazisha waliokuwa karibu naye, akarudi kwenye simu. "Sasa niambie, ile meli ina vitanda vingapi?"