Panya Aliyefunga Jana

Kwetu mtaani Tena, panya hutegewa sumu ndani ya kipande cha nyanya. Kazini kwangu maabarani, panya hupimwa uzito kila asubuhi, hubadilishiwa maranda na kujuliwa hali na watu wenye shahada. Mama aliona hilo ni tusi kwa wapangaji wote wa Eastlands.

Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza kipimo cha damu cha kisukari. Sukari ya siku hiyo ni rahisi kupima, ila ni shahidi mwongo. Mnyime panya chakula usiku mmoja tu, na asubuhi tone la damu kutoka mkiani litaapa kwamba ni mzima. Sisi tulitaka ile sukari inayonata kwenye chembe nyekundu na kukaa humo mpaka chembe zife. Za panya huishi kama siku arobaini. Ndiyo, zilezile za mwizi.

Mama naye ana sukari. Ni fundi wa nguo, na cherehani yake iko hapo sebuleni, karibu na mlango. Wiki ya kliniki hula mboga ya managu na ugali wa kuonja. Kliniki yake hupima sukari ya siku hiyo tu, kwa hivyo daktari humsifu, naye akirudi hupitia kwa jirani kununua mahamri ya kujipongeza.

Kisha akaanza kulalamika kwamba sindano za siku hizi hazina matundu. Nikamnunulia nyingine. Nazo hazikuwa na matundu. Hapo niliogopa kweli. Macho yakienda, cherehani nayo imekwenda, na mama asiye na cherehani mimi simjui.

Siku kipimo chetu kilipokubali, nilirudi nyumbani na furaha na hila kidogo. Nilimsimulia Mama jinsi panya aliyefunga jana hawezi tena kutudanganya, damu yenyewe inamtaja. Nikaongeza kwamba kipimo kama hicho cha watu kipo, tena kitambo, na kesho tungeweza kwenda.

Akaacha kukanyaga cherehani.

"Na huyo panya wako, mkishamjua, mnamfanya nini?"

Ningeweza kudanganya, kipaji hicho kipo katika familia. "Tunamuua, Mama."

"Enhe." Akaokota sindano na uzi, akaninyooshea, pembeni kabisa ya mahali nilipokuwa nimesimama. "Basi kabla hujanijua, nitilie uzi."