Mti Niliokataa Kuupogoa

Aibu hii ni yangu na naisema mwenyewe, maana kuna watu kijijini Soy ambao mpaka leo wakiniona wanainama na kujifanya wanakamua hewa, na heri mnisikie mimi kabla ya Sheila, ambaye huongeza chumvi.

Mimi ni mtoto wa duka, nimezaliwa mjini, mtaa wa West Indies, ng'ombe nilimjua kama maziwa ya paketi. Sasa nikampenda Jebet, ambaye baba yake, Mzee Barno, ni mfugaji wa Soy (wale wa kusalimia ng'ombe kabla ya watu), na siku ya kujitambulisha kwao nikataka kumshtua Mzee na programu ya simu inayobashiri ng'ombe wa maziwa mengi. Inaitwa mti wa maamuzi: inakuuliza swali, ukisema ndiyo inafuata tawi hili, ukisema hapana inafuata lile, mpaka inafika kwenye jani lenye jibu. Niliufundisha kwa ng'ombe wa shangazi yangu, nikauacha uote unavyotaka, ukauliza mpaka kama ng'ombe hupenda kulala karibu na tangi, hadi kila jani likabaki na ng'ombe mmoja. Ukawabashiri wote bila kosa!

Sheila, tunayefanya kazi naye, akacheka. "Huo mti umekariri ng'ombe wa shangazi yako tu. Upogoe, uupunguzie maswali, halafu uujaribu kwa ng'ombe ambao haujawahi kuwaona."

Nikaupogoa kidogo, ukaanza kukosea wawili watatu. Aa! Nani anapeleka makosa kwa baba mkwe? Nikarudisha matawi yote.

Basi huko Soy, wajomba wamejaa kwenye viti, Mama Jebet anamimina chai, nikatoa simu. Mzee akasema tuanze na yule wa kahawia. Mimi nauliza, yeye anajibu, mimi nabonyeza, macho kwenye skrini tu, na jibu likaja nikalisoma kwa sauti: huyu hana maziwa, auzwe.

Jebet akanikanyaga mguu.

"Maziwa yake ndiyo unakunywa," Mama Jebet akasema polepole.

Mtu mwenye akili angezima simu. Mimi nikaomba mwingine.

Mzee akakohoa (sasa najua alikuwa anameza kicheko). "Kuna mmoja kule nyuma. Mweusi na mweupe, mzito, ana doa kwenye paji, hulala karibu na tangi."

Wueh! Huyo si ni Malkia kabisa, yule ng'ombe wa shangazi anayejaza ndoo? Nikasimama kabisa, nikatangaza, "Mzee, huyu ndiye nambari moja hapa kwako!"

"Mama Jebet," Mzee akasema, "mpe kijana ndoo."

"Dan, ngoja kwanza," Jebet akaniita, lakini mimi huyoo, nikazunguka zizi, wajomba wote nyuma yangu, nikachuchumaa, nikanyoosha mkono, nikatafuta. Jamani. Nikatafuta tena. "Ongeza maombi," mjomba mmoja akasema. Ndipo nikainua macho nikaona shingo nene na pete ya pua, fahali mzima, naye ananiangalia vibaya. Sikumbuki nikiruka ua. Nakumbuka kiatu kimoja kilibaki, na suruali ya suti ikapasuka nyuma mbele ya wakwe. (Kwa shangazi hakuna fahali, kwa hivyo mti haukuwahi kujua kuna ng'ombe dume duniani.)

Sitawadanganya, nililia kwenye choo chao, maana nilijua nimempoteza Jebet. Kesho yake nikaupogoa ule mti bila huruma, ukabaki na maswali machache, na la kwanza nililiweka mwenyewe: huyu ni jike? Nikaujaribu kwa ng'ombe wa jirani. Unakosea, ndiyo, lakini unakosea kama mtu mzima. Na nimeapa, mti ukipata kila jibu nyumbani, hautoki nyumbani.

Kisha nikampigia Mzee kuomba msamaha.

"Kijana, kwanza ukuje uchukue kiatu chako," akasema. "Halafu nimeongea na wajomba. Tumekupa Jebet."

Nikaruka!

"Na zawadi yetu ya harusi iko tayari. Ni yule fahali." Nikasikia wajomba nyuma yake wanakufa kwa kicheko. "Na ndoo."