Mizani Ng'ambo Hii, Mawe Ng'ambo Ile

Baba yangu ana tuzo. Iko sebuleni juu ya kabati la vyombo, na mgeni hapewi hata maji kabla hajaonyeshwa. Imeandikwa kwa dhahabu: Mfanyabiashara Mwadilifu, Mjenzi wa Amani. Mimi nikipita hapo natazama pembeni, maana nikiikazia macho nitaivurumisha nje.

Mwenye haki nayo ni shangazi, dada yake mkubwa, muuza maharage. Sokoni wanamwita Bi Mizani.

Zamani, mimi bado nanyonya, watu wa ng'ambo hii ya mto na wa ng'ambo ile walichinjana. Hata vita ilipokwisha, hakuna aliyethubutu kuvuka daraja. Huku maharage yanaliwa na wadudu, kule mahindi hayana mnunuzi, na kila upande unaapa kwamba wale wengine ni wezi wa vipimo. Shangazi, mjane wa vita hiyohiyo, akapiga moyo konde. Akabeba mizani yake ya kuning'inia, akaenda kuketi kichwani mwa daraja. Siku ya nne akaja mwanamke wa ng'ambo, mjane vilevile. Wakapatana hivi: mizani ikae kwetu, mawe ya kupimia yakae kwao. Hakuna wa kuchezea kipimo peke yake, na soko halifunguki mpaka wote wawili wafike. Yule mwenzake ndiye Mama Mawe. Miaka ishirini na mitatu, vitu hivyo havijawahi kulala nyumba moja.

Baba wakati huo alikuwa amekimbia, yuko mbali anakula vyake. Alirudi amani imeshakolea, akawa mwenyekiti wa chama cha wafanyabiashara. Ana suti tatu na tabasamu moja.

Mwaka jana akaja jikoni kwa shangazi na daftari, akamwuliza yote toka mwanzo.

"Watu wanataka kuenzi kazi hii, dada."

"Kazi gani? Ya kuuza maharage?" Shangazi alicheka mpaka akajipangusa macho. Kesho yake akaenda kushonesha gauni.

Halafu baba akataka mizani na mawe vikae jukwaani siku ya kutolewa tuzo, watu wavione. Shangazi akasita. "Mawe hayalali huku."

"Yatarudi jioni hiyohiyo! Mimi ndugu yako wa damu huniamini?"

Shangazi akalegea, nikatumwa mimi kuyaomba. Mama Mawe alinikaribisha ndani, akanikalisha kwenye kiti cha marehemu mwanawe, kiti ambacho hakikaliwi na mtu. Akayafunga mawe yote sita kwenye kitambaa. "Anayetaka ni shangazi yako?" Nikasema ndiyo. "Basi chukua, mwanangu."

Ukumbini tulipewa mstari wa nyuma. Baba akasimama, akasimulia. Yalikuwa maneno ya shangazi yaleyale, daraja, wadudu wa maharage, siku ya nne, ila aliyebeba mizani alikuwa yeye. "Nikapiga moyo konde," akasema kwenye kipaza sauti. Loo! Mtu aliyekimbia kabla hata hajafunga mlango! Nilitaka kunyanyuka, shangazi akanishika mkono. Watu walipiga makofi, naye akapiga, polepole, akiwa na gauni lake jipya.

Mlangoni shangazi akamwambia baba, "Uliniambia unaandika yangu."

"Yangu, yako, kuna tofauti gani? Jina ni la ukoo."

"Haya. Nipe mawe niyarudishe."

Baba akakohoa. Mawe yalikuwa yameshafungwa kwenye sanduku la kioo, yanapelekwa ofisi ya chama, na jina lake chini. Mizani ilikuwa ndefu, haikuingia, ndiyo ikapona. "Nitawanunulia za betri, za kisasa," akasema. "Kila upande yake!"

Hapo ndipo shangazi alipolia. Tuzo hakuililia. "Kila upande yake," alirudia njia nzima, "kila upande yake. Huyu nilimlea kwa mikono yangu, na hajaelewa hata neno moja."

Asubuhi Mama Mawe alikuwa kichwani mwa daraja, mikono mitupu, na wauza mahindi wote nyuma yake. "Mawe yangu yako wapi?"

Shangazi akamweleza bila kuficha kitu. Kisha akaweka mizani miguuni pake. "Kaa na hii nayo. Nikiyapata mawe nitakuletea mwenyewe, hata kama ni kwa kuvunja kile kioo. Usidhani tumekuuza."

Mama Mawe aliinama, akaitia mizani begani. Hakumlaumu shangazi kwa neno lolote. Alinitazama mimi.

"Wewe nilikukalisha kwenye kiti cha mwanangu," akasema. Akageuka, na wote waliokuja na magunia yao wakageuka naye.