Wapiga Ngoma Wasioonekana

Kwa Jilala, binadamu walikuwa wa aina mbili: wanaocheza ngoma, na wanaoziba njia. Yeye alianza kucheza kabla ya kuota meno ya pili, na sasa, akiwa mtu mzima mwenye mke na watoto, alikuwa bado hajaona sababu ya kuacha. Kulima alilima, maana ngoma yao ilikuwa ya majembe. Watu hujipanga shambani, ngoma ikalia, majembe yakarushwa juu, yakadakwa, yakashuka ardhini kwa pamoja, na shamba la pamba likapaliliwa bila mtu kukumbuka kwamba anafanya kazi. Wataalamu wa siasa walipokuja kueleza Ujamaa, na kufafanua kwa kirefu faida za watu kulima pamoja, wazee wa Bunda walisikiliza kwa adabu kubwa, kama mtu anayefundishwa jina la mama yake.

Jilala ndiye aliyekuwa manju wa kijiji, yaani kiongozi wa wachezaji, na alama ya cheo chake ilikuwa filimbi ya bati iliyoning'inia shingoni. Filimbi hiyo sasa ilikuwa hatarini.

Kila mwaka, pamba ikishauzwa, vijiji vilishindana mjini Bunda. Sheria ilikuwa ya zamani. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja katika kiwanja kimoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji wanakwenda wanakotaka. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Jilala alikuwa ameshindwa mara mbili mfululizo na kikundi cha Makongoro kutoka Kibara. Mara ya kwanza ngozi ya ngoma kubwa ilipasuka katikati ya wimbo. Mara ya pili mpigaji wake mkuu, Masatu, alishikwa na tumbo la kuendesha, akapiga ngoma huku akiangalia vichaka kuliko alivyowaangalia wachezaji. Kijiji kizima kilijua maana yake: Makongoro alikuwa na dawa, na dawa yake ilikuwa inalenga ngoma. Kwamba ngozi ile ilikuwa imezeeka, na kwamba Masatu alikuwa amekula dagaa walionyeshewa mvua, hayo yalikuwa mambo madogo ambayo dawa huyatumia kama njia ya kupita.

Mwaka 1971 mwenyekiti wa kijiji, Clementi, aliitisha mkutano.

"Ndugu Jilala," alisema, "mwaka huu Uhuru unatimiza miaka kumi. Kikundi kitakachoshinda kitakwenda kucheza Butiama, mbele ya wageni. Ukishindwa tena, filimbi anapewa Silasi."

Silasi alikuwa mwalimu wa kwaya. Alikuwa ametunga wimbo wa sauti nne kuhusu mbolea, na alichokuwa akisubiri ni majembe yawekwe chini, watu wasimame wima, wafungue midomo vizuri.

"Si umpe tu, Baba Luhende?" mkewe, Hana, alimwambia nyumbani. "Shingo nayo ipumzike."

"Mtu ambaye alikuwaga manju, akinyang'anywa filimbi, anaitwa nani?"

"Anaitwa mkulima. Tuko wengi."

Jilala hakucheka. Akamchukua Masatu, wakapanda basi kwenda Musoma kutafuta ngozi ambayo haitapasuka. Ngozi waliipata mapema, basi la kurudi lilikuwa bado, na walipokuwa wakizunguka kwenye maduka ya Wahindi wakasikia ngoma inalia ndani ya ukumbi wa sinema. Jilala hakuwa mtu wa kupita ngoma inapolia.

Sinema aliijua. Gari la serikali lilikuwa likija kijijini, likatundika shuka jeupe na kuonyesha namna ya kuchimba choo na namna ya kuua wadudu wa pamba. Kwa hiyo alipolipa kiingilio alitarajia choo, pengine cha kisasa zaidi.

Alichokuta ni picha ya Kihindi. Kwenye mabenchi ya chini hapakuwa na mtu hata mmoja anayejua Kihindi, na nusu yao walikuwa wanalia. Jilala akamgeukia jirani yake, mchuuzi wa samaki aliyekuwa akijifuta macho kwa shati.

"Kaka, yule analilia nini?"

"Mama yake."

"Amekufa?"

"Sijui. Ila ni mama yake."

Kisha ngoma ikaanza, na Jilala akakaa wima. Kwenye shamba la maua walitokea wanawake wengi, wametoka wapi haikuelezwa, na mabega yao yakapanda na kushuka kama bega moja. Mmoja alibadilisha nguo katikati ya wimbo bila kukosa hatua. Jilala, ambaye hata kofia ilikuwa ikimdondoka akigeuka, alihisi wivu wa kitaalamu.

"Wanachezea shambani," alinong'ona. "Majembe yako wapi?"

"Labda wameshapalilia," alisema Masatu.

Jilala akatazama tena, safari hii kwa jicho la kazi. "Ngoma unaisikia?"

"Naisikia."

"Wapigaji unawaona?"

Masatu akawatafuta mlimani, mtoni, nyuma ya miti. "Siwaoni."

"Na hutawaona. Wamefichwa. Wewe mwaka jana ulikaa wapi?"

"Mbele ya watu wote."

"Na tumbo?"

Masatu akalishika.

"Basi," alisema Jilala. "Hawa nao wana maadui. Lakini wana akili."

Walibaki kutazama picha ile mara ya pili, kwa ajili ya uhakika. Basi likaondoka bila wao.

Aliporudi kijijini, manju alikuwa mtu mwingine. Jioni aliwapanga wanaume wazima, wenye ng'ombe na heshima zao, akawafundisha kutikisa mabega huku wameshika majembe. Hana alisimama pembeni na ndoo yake.

"Shemeji," alimwita Masatu, "mnafukuza mbu?"

"Ni mtindo wa Kihindi, shemeji."

"Na Wahindi wanalimaga hivyo?"

"Wakishapalilia," alisema Masatu, kwa sauti ya mtu aliyesafiri.

Kuhusu wapigaji, Jilala alikwenda kumwomba Clementi, aliyekuwa pia mjumbe wa ushirika, funguo za ghala la pamba la Bunda, lililokuwa ukingoni mwa kiwanja cha mashindano. Pamba ilikuwa imeshapelekwa kuchambuliwa, ghala lilikuwa tupu, mabati matupu juu mpaka chini. Ngoma ziingizwe humo, mlango ufungwe, na jicho la Makongoro litafute pa kutua. Clementi alikuwa Mkristo na mtu wa Chama, kwa hiyo dawa hakuiamini rasmi. Alitoa funguo bila kuuliza swali.

Siku ya mashindano kiwanja kilijaa. Makongoro alipanga wapigaji wake mbele, wamevaa manyoya. Jilala alipanga wachezaji wake mbele ya ghala, na kwa upande wa ngoma hakupanga kitu. Watu wakacheka. Wa Kibara wakauliza kama ngoma zimeuzwa pamoja na pamba.

Jilala akapuliza filimbi.

Hakuna mtu Bunda aliyewahi kusikia ngoma ikipigwa ndani ya mabati. Haikutoka upande wowote; ilitoka juu, ikatoka chini, ikatoka kwenye meno ya msikilizaji. Watoto ndio walioanza kumkimbia Makongoro. Wakafuata akina mama, kisha wazee na mikongojo yao. Jilala aliona umati mzima ukimjia, akarusha jembe juu kuliko alivyowahi kulirusha, akalidaka, akatikisa mabega.

Umati ukampita.

Ukampita kama maji yanavyopita jiwe, ukaenda kujibandika kwenye ghala. Watu wakaweka masikio kwenye mabati, wakatafuta matundu ya misumari.

"Humo ndani wako wangapi?"

"Siyo watu. Serikali imeleta mashine."

"Mashine inatokaga jasho? Chungulia hapa, naliona jasho!"

Jilala alicheza kama hajawahi kucheza maishani, mbele ya migongo. Alipopuliza filimbi ya kumaliza, mle ghalani haikusikika, ngoma ziliendelea. Wachezaji wake wakaegemea majembe, kisha mmoja mmoja wakaenda kuchungulia. Naye akaenda, akajaribu kupenya.

"Panga mstari, kijana," bibi mmoja alimwambia. "Wenzako tumewahi."

"Mimi ndiye manju, mama."

"Hongera. Panga mstari."

Akasimama nyuma. Na akiwa pale, hana jembe, hana kazi, akaona mabega ya watu mbele yake yanapanda na kushuka kwa pamoja, na hakuna aliyeyafundisha. Tangu utoto hakuwahi kuiona ngoma kwa nje. Kila ngoma aliyoijua alikuwa ndani yake, akihesabu makosa ya wengine. Akatazama.

Makongoro naye akaja, anatiririka jasho, akasimama karibu yake.

"Umefanya nini, Jilala?"

"Nimeficha. Na unajua kwa nini."

Makongoro, ambaye kila Jumapili alikuwa kanisani na ambaye dawa yake yote ilikuwa mazoezi, hakujua.

Katibu wa Chama aliyekuwa mwamuzi alitangaza kwamba watu wako upande wa Jilala.

"Lakini ndugu katibu, wanaangalia ukuta!" alilalamika Makongoro.

"Sheria inasema waende," alijibu katibu. "Haisemi waangalie nini."

Hivyo filimbi ikabaki shingoni mwa Jilala, na wimbo wa mbolea ukaendelea kusubiri. Clementi alimkumbatia. Masatu alipotolewa ghalani alibebwa juu juu kama bwana harusi, na wanawake wasiomjua wakamfuta jasho. Manju alibeba majembe.

Hana akamkuta anayafunga kwa kamba.

"Hakuna aliyeniona," alisema Jilala.

"Mimi nilikuona. Kama wote wamekupa mgongo, mmoja si lazima abaki?"

"Nilikuwaje?"

Hana alifikiri. "Mabega yalichelewa kidogo."

Butiama walikwenda, wakacheza uwanjani mchana kweupe, maana hapakuwa na ghala la kuazima. Wageni walimwona Jilala vizuri na kumpigia makofi ya heshima, kama yale yanayopigwa baada ya hotuba. Alishukuru. Lakini msimu uliofuata, pamba ilipouzwa, alipanda tena basi la Musoma, safari hii na Hana, na kila msimu baada ya hapo, picha iwe mpya au ya zamani. Akajifunza kuwalilia akina mama asiowajua. Shambani aliendelea kupuliza filimbi, na watu wakimuuliza anafuata nini huko kwa Wahindi ilhali ngoma anayo nyumbani, alikuwa akijibu, "Hapa naangaliwa. Kule naangalia."

Mwenye ukumbi, aliyeshamzoea, siku moja aliwaalika viti vya juu, vya sponji. Jilala akakataa kwa upole. Huko juu, alisema, watu wanakaa wametulia mno, na benchi lake la chini lilikuwa limeshazoea kutikiswa.