Mwokaji Aliyetufundisha Tarumbeta

Kijijini kwetu Santa Rosalía, juu kwenye milima ya Oaxaca, ukungu hushuka alasiri na kuingia majumbani bila kupiga hodi, na mtoto akitimiza miaka minane huulizwa jambo moja tu: atapiga nini? Mimi nilitaka tarumbeta. Mama akanishika mkono, akanipeleka kwa Filogonio Vargas, mwokaji mikate, ambaye ndiye huyohuyo aliyekuwa mwalimu wa bendi ya watoto.

Tulimkuta mbele ya tanuri, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Mwalimu, nimekuletea huyu," mama alisema. "Nyumbani hatulii."

"Na hapa hatatulia," akajibu bila kugeuka. "Kufagia anajua?"

"Anajua, akitaka."

"Basi kesho aje na ufagio."

Mwaka mzima sikupuliza kitu. Tuliimba nota huku tukipiga mapaja kuhesabu mapigo, tulifagia ukumbi wa kijiji, tukang'arisha ala za shaba ambazo wakubwa wetu ndio waliozipiga. Siku moja uvumilivu ukaniishia.

"Mwalimu, mimi nilikuja kupiga tarumbeta, sikuja kuiosha."

Akaichukua ile tarumbeta mkononi mwangu, akaigeuza nione mahali ilipobonyea zamani karibu na mdomo wake mpana.

"Hii ilikuwapo mama yako hajazaliwa. Wameipuliza watu kumi na mmoja. Wewe utakuwa wa kumi na mbili. Na wa kumi na tatu yupo, hajaota meno bado. Sasa sugua hapo, umeruka."

Nikasugua. Nilikasirika, lakini tangu siku ile kila nilipoishika nilijua kwamba nimeiazima tu.

Mwalimu mwenyewe alisoma miaka mitatu tu. Muziki alifundishwa na mjomba wake aliyezunguka vijiji vya milimani na nyumbu wawili, mmoja wa mizigo na mmoja wa ngoma. Mkewe, Macrina, ndiye aliyeshika duka la mikate. Hawakujaliwa mtoto, na wapo watu waliomkumbusha jambo hilo kana kwamba amelisahau. Mwalimu alikuwa akiwaambia, "Ninao ishirini na sita, na wote wana njaa."

Njaa yetu aliijua vizuri. Kila baada ya mazoezi Macrina alileta kikapu cha mikate ya sukari, na mtoto mmoja aliteuliwa kuigawa. Sheria ilikuwa moja: wadogo kwanza, na anayegawa anachukua wa mwisho, hata kama ni makombo. Mwanzoni tulipima kwa macho kama wauza nyama. Mtoto mmoja, zamu yake ya kwanza, alifika mwisho wa mstari akakuta kikapu kitupu, kwa sababu rafiki zake aliwapa miwili miwili. Akalia. Mwalimu hakumhubiria. Alikata mkate wake nusu kwa nusu, wakala pamoja wakiwa wamekaa juu ya ngoma kubwa, wakizungumza habari za mbwa wa jirani.

Sitaki mdhani alikuwa malaika. Alikuwa na hasira za karibu. Nota zikikosewa mara tatu aliweza kurusha kofia yake mpaka upande wa pili wa ukumbi, na ole wake atakayecheka. Na mwaka wangu wa pili alifanya kosa ambalo mpaka leo namshukuru kwa namna alivyolimaliza.

Palikuwa na wimbo mmoja wa zamani wa maandamano, ulioandikwa kwa mkono na yule mjomba wake, karatasi moja tu duniani. Aliyekusanya karatasi baada ya mazoezi alikuwa Honorio, mtoto wa miaka minane aliyepiga matoazi. Siku hiyo karatasi ikakosekana. Mwalimu alitafuta mezani, chini ya viti, ndani ya tuba, ile ala kubwa kuliko zote za shaba. Kisha akamgeukia Honorio.

"Umeipeleka wapi?"

"Sijui, Mwalimu. Nilikuwekea pale kwenye begi lako la unga."

"Usinidanganye! Mtoto asiyetunza kitu cha watu hana kazi hapa. Nenda nyumbani!"

Honorio aliyaweka matoazi sakafuni polepole, yasitoe mlio, akaondoka.

Siku mbili baadaye bibi mmoja aliingia dukani akiwa na karatasi yenye madoa ya mafuta.

"Filogonio, mkate wako mtamu," alisema, "ila karatasi uliyofungia imenishinda kusoma."

Mwalimu akaitazama. Alikuwa ameitoa mwenyewe kwenye begi na kuifungia mikate alfajiri, macho yakiwa na usingizi. Macrina alicheka mpaka akashika meza. Mumewe hakucheka. Alivua aproni, akavaa kofia, akaja ukumbini tulipokuwa tukimsubiri.

"Nifuateni wote," akasema. "Nilimfukuza mbele yenu, basi na hili mlione."

Tukapanda naye kilima, watoto ishirini na tano, mpaka kwa akina Honorio. Baba yake alikuwa anapukuchua mahindi uani. Mwalimu alivua kofia, akachuchumaa mpaka macho yake yakalingana na ya mtoto.

"Honorio, karatasi niliipoteza mimi. Nilikuita mwongo na wewe ulisema kweli. Nimekukosea. Naomba unisamehe."

Baba mtu akaona haya. "Ah, Mwalimu! Mtoto huyu hata viatu bado anavivaa kinyume, wewe unamvulia kofia?"

"Kosa nililomfanyia halikuwa dogo kwa sababu yeye ni mdogo."

Honorio alifikiri kidogo. "Kwa hiyo naweza kurudi kwenye matoazi?"

"Nakuomba urudi. Aliyekushikia nafasi anapiga kama anaua nzi."

Hatukuwahi kumwona mtu mzima akimwomba mtoto msamaha. Kwetu mtu mzima akikosea, basi watoto walitazama pembeni na mambo yakapita. Usiku ule nilimsimulia mama, naye akanifuata kitandani kuniambia kwamba wiki iliyopita alinichapa kwa ajili ya chungu kilichovunjwa na paka.

Sasa nije kwangu, maana hata mimi nina langu.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, tulialikwa kupiga kwenye sikukuu ya kijiji jirani. Ndivyo tunavyoishi huko milimani: leo bendi yenu inatupigia sisi, kesho yetu inawapigia ninyi, na mwenyeji anawalisha. Ndani ya wimbo mmoja palikuwa na sehemu ambayo bendi yote hunyamaza na tarumbeta moja huimba peke yake. Mwalimu alimpa Delfina sehemu hiyo. Delfina alikuwa wa umri wangu, aliyelelewa na bibi yake, mpole, na sauti ya tarumbeta yake ilikuwa laini kuliko yangu. Hilo nililijua, ndiyo maana liliniuma.

Asubuhi ya sikukuu, tuliposhuka kwenye lori, kasha la Delfina lilikuwa wazi. Nikachukua kipulizio chake, kile kipande kidogo unachowekea midomo, ambacho bila hicho tarumbeta ni bomba tu, nikakisukuma ndani ya soksi yangu.

Delfina alitafuta hadi akamwaga kasha lake lote chini. Changu sikujitolea kumpa, na wa tarumbeta tulikuwa wawili tu. Mwalimu alijaribu kuazima kwa wenyeji, lakini bendi yao ilikuwa imeshaanza maandamano upande wa pili wa kijiji. Watu walikuwa wanasubiri kanisani.

"Eleuteria," Mwalimu akaniambia, "utaipiga wewe."

Nikasimama mbele ya umati. Mara upepo ukavuma na kuipeperusha karatasi yangu, na mimi sehemu ile sikuijua kwa moyo. Kabla sijaiokota, Delfina alikuwa ameshainuka. Aliiokota, akapiga magoti mbele yangu, akaikamata kwa mikono miwili kifuani pake ili niisome. Macho yake yalikuwa mekundu. Akanong'ona, "Anza polepole, mwanzoni inavuta pumzi sana."

Nikapiga. Nilipiga vizuri pia, hilo ndilo baya. Watu wakashangilia, akina mama wakanijazia tamali za unga wa mahindi na maharagwe kwenye sahani. Nikairudisha sahani bila kuigusa. Kile kipande cha shaba kilinichoma kifundoni njia nzima ya kurudi, ingawa kilikuwa baridi.

Kesho yake nilikwenda kwenye tanuri. Mwalimu alikuwa anakanda.

"Umekuja mapema. Leo unaumwa?" alinitania, maana nilisifika kwa kuchelewa.

Nikaweka kipulizio juu ya meza ya unga. Mikono yake ikasimama.

"Nilikichukua mimi," nikasema. "Nilitaka nipige mimi."

Nilisubiri kofia iruke. Badala yake alijifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Nashukuru umekuja kuniambia. Lakini mimi sikuchukuliwa kitu. Twende."

Njiani nilimbembeleza. "Mwalimu, mwambie wewe. Wewe unajua kuongea."

"Nitasimama karibu yako muda wote, sitaondoka. Lakini kusema, binti yangu, utasema wewe."

Delfina alikuwa anawamwagia kuku mahindi. Nikamwambia. Kwanza hakuelewa. Alipoelewa, alinimwagia mahindi yote yaliyobaki usoni, na kuku wakanijia miguuni.

"Nilikushikia karatasi mpaka mikono ikafa ganzi!" alipiga kelele. "Nililala nikijiita mzembe!"

Bibi yake akatoka jikoni na mwiko. "Kumbe nyoka alikuwa kwenye soksi! Na wewe Filogonio, hizi ndizo nota unazowafundisha?"

"Ndizo, mama," Mwalimu alijibu. "Hii ndiyo ngumu kuliko zote, na leo anaianza. Delfina, umekosewa wewe. Unataka afanye nini?"

Delfina alifuta machozi kwa mkono wa blauzi. "Sikukuu tatu asipige. Anishikie karatasi. Kwa magoti."

"Eleuteria?"

"Nimekubali," nikasema.

Sikukuu tatu nilipiga magoti kwenye mawe ya viwanja vya makanisa, karatasi kifuani, huku Delfina akipiga juu ya kichwa changu. Ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Ya pili nilianza kuisikia ile sauti yake, niliisikia kweli, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine. Ya tatu, alipomaliza, nilijikuta nashangilia kabla ya watu wote. Siku hiyo ndipo aliponinyooshea mkono kuniinua.

Katikati ya siku hizo mvulana mmoja wa tuba aliniita "mwizi" mazoezini. Mwalimu akasimamisha bendi nzima.

"Huyu anaitwa Eleuteria. Hilo jina lingine umelipata wapi?"

"Lakini Mwalimu, si aliiba?"

"Aliiba, akasema, na sasa anarekebisha. Wewe ulipomsukuma mwenzako mtoni, ulipewa jina gani? Haya, tangu mwanzo."

Na tukaanza tangu mwanzo. Hakuna aliyeniita hivyo tena. Kama wangeendelea, nadhani ningelizoea, na mtoto akishalizoea jina huanza kulifanyia kazi.

Leo nina miaka arobaini na minne. Ni mkunga kwenye zahanati ya mji wa bondeni. Delfina ndiye mama wa ubatizo wa binti yangu, na bado ananiamuru kama vile nadaiwa sikukuu ya nne. Katika kazi yangu nimewahi kukosea, na kila mara nimejikuta nikienda mwenyewe kwa mgonjwa kumweleza. Sikuzaliwa na moyo huo. Nilipewa.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, nilipanda kijijini kumtembelea Mwalimu. Ana miaka themanini na tatu. Tanuri ameliachia mpwa wa Macrina, na bendi ameiachia Honorio, lakini kila jioni hupelekwa ukumbini kukaa kwenye kiti chake na blanketi magotini. Nikakaa naye, nikamwambia nilichokiendea.

"Mwalimu, nimekuja kukushukuru kwa siku ile ya kipulizio."

"Kipulizio gani?"

"Cha Delfina. Nilichokificha kwenye soksi. Ukanipeleka kwao."

Alikunja nyusi, akatafuta kichwani, akakosa. "Sikumbuki, mwanangu. Wewe nakukumbuka kwa kuchelewa."

Nilipigwa na butwaa. Siku iliyonijenga mimi, kwake ilikuwa siku ya kawaida, kati ya mikate iliyoiva na mikate iliyoungua. Basi nikamsimulia yote: lori, upepo, kuku, mwiko wa bibi. Alisikiliza kama anayesikia habari za kijiji cha mbali, akicheka palipostahili. Nilipofika pale Delfina alipopiga magoti kunishikia karatasi, aliinua mkono nisite kwanza.

"Hukuwa umemwomba?"

"Sikuwa nimemwomba."

Akatikisa kichwa, machozi yakimlengalenga.

"Mtoto mzuri sana yule," akasema. "Nani alimfundisha hayo?"