Mitende ya Bi Zuwena

Siku ya kwanza Meneja hakunipa kiti. Alinipa taa ya zambarau ndani ya sanduku la bati, akaniambia kazi yangu ni kufuta michezo. Nilikuwa nimemaliza sekondari na kujifunza kutengeneza televisheni, nikidhani nimekuja kutunga, si kufuta.

Nyinyi mnaocheza kwenye simu hamkuyawahi makabati yale ya michezo, marefu kama mtu, yenye skrini na mpini. Mchezo mzima ulikaa kwenye chipu chache zilizopachikwa ndani. Kila chipu ilikuwa na kidirisha cha kioo. Ukikimulika kwa ile taa, yaliyoandikwa yanafutika na chipu inaandikika upya. Chipu zilitoka nje na zilichelewa, kwa hiyo mchezo uliochoka tuliufuta ili tuandike mwengine. Hatukuweka nakala. Nani angekuja kuuulizia?

Karakana yetu ilikuwa Darsait, hapa Maskati, juu ya duka la fundi makochi. Meneja ndiye aliyeandika programu. Mkuu wa Michoro alikuwa Bi Zuwena, mzaliwa wa Unguja kama mimi. Tulitoa mchezo wa mbuzi wanaokwepa teksi barabara ya pwani ya Matrah, na mwengine wa mchukuzi wa sinia ya halwa katika vichochoro vya soko. Uliopendwa zaidi ulikuwa Falaji, jina la mifereji ya mashamba ya Omani: unafungua na kufunga vilango vya mfereji ili maji yaifikie mitende kabla jua halijaikausha.

Bi Zuwena aliichora mitende kwenye karatasi ya miraba, kila mraba nukta moja ya skrini, na kila mti ukawa na sura yake. Siku moja akapenyeza mnazi. Meneja alicheka mpaka akavua miwani.

"Bi Zuwena, falaji gani ya Omani inanywesha mnazi?"

"Ungelelewa kwa wali wa nazi, Meneja, ungenyamaza."

Mnazi ukatolewa hata hivyo.

Sheria ya Meneja ilikuwa moja: kila kidirisha kizibwe kwa utepe wa foili, maana jua nalo linafuta, polepole. Nilipoandaa kabati la Falaji la mkahawa mmoja Matrah, foili iliniishia. Chipu za programu nilikuwa nimeshaziziba. Za mitende nikazibandika karatasi nyeupe, nikaandika majina kwa mwandiko mzuri, nikajiambia nitarudi. Sikurudi. Na kwa joto la hapa tulikuwa na mtindo wa kuvua mlango wa nyuma wa kabati ili mashine ipumue. Yote mawili niliyajua, sikuyaweka pamoja.

Karakana ilifungwa michezo ya ng'ambo ilipotuzidi. Mimi nikaingia idara ya serikali, fundi wa mitambo ya simu chini ya wakuu wengi, mpaka nikastaafu. Meneja ameshatangulia mbele ya haki. Mwaka huu mwenye mkahawa alikuwa akisafisha ghala, akanipigia: Falaji ipo. Michoro ya Bi Zuwena ilitupwa karakana ilipofungwa, kwa hiyo kabati lile ndilo pekee lililobaki na kazi ya mikono yake.

"Lilete, Nassor," Bi Zuwena aliniambia nilipompigia simu. "Nnataka wajukuu waone. Wanadhani nilikuwa karani."

Nikalipeleka kwake, Khuwair ya Kusini. Wajukuu wakakaa kwenye zulia. Skrini ikawaka, muziki ukaanza, maji yakashuka mferejini. Kwenye kingo, palipokuwa na mitende, palisimama vitalu vyeupe vitupu. Hivyo ndivyo mashine yetu inavyochora ikisoma chipu iliyofutika.

"Nassor, mitende yangu iko wapi?"

Nikamweleza habari ya foili, karatasi na mlango. Sikumtaja Meneja wala mwenye mkahawa, maana kazi ilikuwa yangu.

"Karatasi," akasema. "Na mwandiko wako ule wa madaha."

"Ndiyo, Bi Zuwena."

Akashika mpini. Mikono yake ilivikumbuka vilango vyote. Maji yakafika mpaka kitalu cha mwisho. Ndipo akaniuliza kama bado nnayo mashine ya kuandikia chipu. Nikamwambia nnayo. Akaomba daftari la hesabu la mjukuu, akachora mchana kutwa, uso umeinamia lenzi ya kukuzia, wajukuu wakimhesabia miraba. Akamaliza mti mmoja, akaweka kalamu chini.

"Macho ndiyo haya," akasema. "Mingine siiwezi tena."

Nilipostaafu nilidhani nimeacha nyuma kazi zilizokwisha. Siku hizi nikipita mahali nilipowahi kufunga mtambo, hujiuliza ni wapi tena nilibandika karatasi.

Mti ule nimeuandika kwenye chipu na kuupachika mwisho wa mfereji, na kidirisha nimekiziba kwa foili, tabaka mbili. Vitalu vingine vimebaki vyeupe. Wajukuu hushindana kuyafikisha maji pale mwisho, kwa sababu mti aliouchora si mtende. Ni mnazi.