Kijiko cha Nyota na Ng'ombe wa Samuye

Juzi nilikuwa nachambua mchele, redio ikanifanya niweke ungo chini. Mtangazaji anasema zipo nyota zilizokufa zikajibana, kijiko kimoja tu cha nyota hiyo ni kizito kuliko milima. Wataalamu walizipata kwanza kwa hesabu kwenye karatasi, miaka mingi baadaye ndipo zikagunduliwa kweli. Mayo wee! Mwalimu wetu!

Mwenzangu, mimi nimesoma Samuye enzi za Mwingereza, tukikaa chini, mashavu yamevimba matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha. Mwalimu alikuwa mgeni, mtu wa pwani. Siku moja akatusimulia nyota hizo. "Bado hakuna aliyeziona," alisema, "lakini hesabu haidanganyi." Tukacheka mpaka basi. Ili tuuelewe huo uzito, akataka kila mtoto ataje ng'ombe wa kwao, akawajumlisha ubaoni. Wote hao, akasema, hawafui dafu mbele ya kijiko kimoja.

Nyumbani nikamkuta bibi anasonga ugali. Nikaropoka kwa fahari, "Bibi, ng'ombe wetu wameandikwa ubaoni!"

Mwiko ukasimama. Kwetu ng'ombe hahesabiwi kwa mdomo. "Ukimhesabu, unampunguza," bibi alizoea kusema. Na mwaka huo serikali ilikuwa inawalazimisha watu kupunguza mifugo.

Asubuhi bibi na wazee wakajaa shuleni, wazee na fimbo zao, wakimwita mwalimu mpelelezi. Akaapa kwamba alikuwa akifundisha habari za nyota.

"Nyota gani inauliza ng'ombe wangu?" jirani yetu akafoka. "Tuonyeshe!"

Masikini, angeionyeshaje? Akanigeukia mimi niliyekuwa mbele. "Mwanangu, hebu waambie." Bibi naye kanikazia macho. Nikafungua mdomo, sauti haikutoka.

Mwalimu akafunga sanduku lake kwenye baiskeli, akaondoka bila kumtukana mtu. Msimu uliofuata ng'ombe wetu walipunguzwa vilevile, na mwalimu hayupo.

Leo penye zizi la bibi pana nyumba za kupanga. Bibi alishazikwa, jirani pia. Mwalimu nimtafute wapi? Hata jina lake silijui, tulimwita Mwalimu tu.

Redio ilipohamia muziki, nilikuwa bado nimesimama jikoni peke yangu. Nikasema kwa sauti, "Ilikuwa hesabu ya nyota." Maneno manne. Na nilikuwa nayajua yote siku ile.